Mashine zikipokezana kazi, nahodha ni nani?

NDUGU msikilizaji, ni saa tatu usiku mjini Mtwara, taa zinazimika ghafla. Si mgawo wa umeme, bali yuniti zimekwisha katika mita ya LUKU. Unachukua simu, unabonyeza namba ya mita, kiasi cha fedha na namba yako ya siri. Kabla hujaona kibiriti kilipo, ujumbe unaingia wenye tarakimu 20. Unaziingiza katika mita, taa zinawaka.

Je, nani aliyekuhudumia usiku ule? Hakuna karani aliyeamshwa. Kompyuta moja ilihakikisha kwamba fedha unazo. Nyingine iliitambua mita yako, ikakokotoa yuniti, ikatoa zile tarakimu. Nyingine tena ilikutumia ujumbe. Kila moja ina mwenyewe, na kila moja ina kazi yake. Programu ya namna hiyo, inayopokea ombi la programu nyingine kwa njia ya mtandao na kurudisha jibu, wataalamu huiita huduma ya wavuti. Na kazi ya kuzipanga huduma hizo zifuatane, pasipo mtu kubeba faili kutoka meza hii kwenda meza ile, ndiyo mada yetu ya juma hili.

Tulitazame jahazi linalotoka Mikindani. Baharia mmoja yuko kwenye henza, mwingine kwenye demani, mwingine anafua maji. Kila mmoja anaijua kamba yake, lakini safari nzima anaijua nahodha. Ndiye asemaye lini tanga lipandishwe na, lililo kubwa zaidi, ndiye aamuaye la kufanya upepo unapogeuka. Katika kompyuta pia lazima iwepo programu moja ya unahodha.

Mwaka 2002 kampuni za IBM, Microsoft na BEA zilitoa lugha iitwayo BPEL, ya kuiandikia kompyuta safari ya namna hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 2007 shirika la OASIS likaidhinisha toleo la pili. Lugha hiyo haikuishia katika kupanga hatua za kwenda mbele tu. Ilitoa pia nafasi ya kuandika jinsi ya kutengua hatua iliyokwisha kufanyika, iwapo ile inayofuata imeshindikana. Fedha zimekatwa na yuniti hazikutoka? Basi fedha zirudi kwa mwenyewe. Programu isiyo na sehemu hiyo ni jahazi linalojua kutweka tanga lisilojua kulitua.

Huenda ukasema hayo ni mambo ya wakubwa. Hapana. Msimu wa 2007/2008, hapa Mtwara tulianza kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya mwaka 2005. Mkulima wa Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, anapeleka magunia yake chama cha msingi. Yanapimwa, yanasafirishwa hadi ghala kuu, yanapangwa madaraja, yananadiwa. Mnunuzi analipa, makato yanaondolewa, kisha fedha zinaingia benki kwa jina la mkulima. Hizo ni hatua nyingi, katika ofisi nyingi, na penye karatasi nyingi jina hukosewa, uzito hupungua na malipo huchelewa.

Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kwa mtandao, kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Hiyo ni hatua ya maana, kwa kuwa bei inaonekana wazi. Lakini mnada ni kamba moja tu katika jahazi. Faida kamili itapatikana pale uzito uliopimwa kijijini utakapofika benki kama ulivyo, bila kuandikwa upya na mikono mitano.

Hata hivyo, tusilewe sifa za mashine. Mwezi Mei 2021 ununuzi wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa, na watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Simu zilikuwa nzima, fedha zilikuwapo, nyaya zilikuwa na umeme. Kiungo kimoja kilipogoma, vingine vyote vilibaki kutazamana. Tena mashine haijui kusahihisha uongo: mizani ikipunjwa kijijini, kosa lile litafika benki upesi kuliko zamani, likiwa limevaa sura ya ukweli.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mfumo mpya unapozinduliwa kwa vifijo, tusiulize tu kama una kasi. Tuulize: hatua moja ikikwama, ile ya nyuma yake inatenguliwaje? Mkulima ataonaje korosho yake imefika hatua ipi? Na jambo likiharibika, ni ofisi gani, yenye mlango na mtu ndani yake, itakayompa jibu? Tusikubali kuambiwa kwamba mtandao ndio uliokosea. Mtandao hauna nafsi. Aliyeuagiza na aliyeupanga ndio wenye dhamana, kwani jahazi likipanda mwamba, haulizwi upepo, huulizwa nahodha.

Hadi juma lijalo, kwaherini.