Daftari Linalolinda Vali ya Moyo

Stripu ikishaingizwa kwenye mashine, kidole kinatobolewa na tone la damu linagusishwa kwenye ukingo wake. Stripu hulivuta tone lenyewe. Humo ndani damu inakutana na thromboplastini, kemikali inayoamsha mgando, na mashine inaanza kuhesabu sekunde. Baada ya kama dakika moja inatokea namba: 1.8, au 2.6, au 4.1. Hiyo ndiyo INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, na anayemeza warfarini, dawa ya kupunguza kuganda kwa damu, huishi nayo miaka mingi.

Asiyetumia dawa hiyo huwa na INR ya karibu 1. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au aliyewahi kuganda damu mguuni, kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Aliyewekewa vali ya bandia upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, mara nyingi hupangiwa 2.5 hadi 3.5. Namba ikishuka mno, damu inaweza kuganda kwenye vali, au bonge likakimbilia ubongoni na kuleta kiharusi. Ikipanda mno, mtu anaweza kuvuja damu hata bila jeraha.

Jambo hili linatugusa sana Afrika Mashariki. Huku vali nyingi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo utotoni, hivyo wanaofanyiwa upasuaji huwa vijana. Dawa mpya zisizohitaji INR hazijawafaa: jaribio la dabigatrani kwa wenye vali za bandia lilisitishwa baada ya kuonekana kwamba wagonjwa walipata damu kuganda na kuvuja zaidi kuliko waliotumia warfarini. Warfarini basi imebaki, na vipimo vyake vimebaki nayo.

Namba yenyewe ina historia. Armand Quick wa Marekani alieleza namna ya kupima muda wa damu kuganda mwaka 1935, lakini kila maabara ilitumia thromboplastini yake, kwa hiyo sekunde za hapa hazikulingana na za kule. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likapitisha INR, hesabu inayosawazisha tofauti hizo. Ndiyo maana leo majibu yaliyoandikwa Mwanza yanasomeka Nairobi na Muscat vilevile.

Lakini namba moja, hata ikiwa sahihi, inasema kidogo sana. Tuseme mtu ameandika 2.7 mwezi uliopita na 2.8 wiki mbili baadaye, kisha ghafla 4.6. Daktari asiyeona kingine atapunguza dozi. Ila kama pembeni imeandikwa "Flagyl siku tano, tumbo", picha inabadilika kabisa, kwani Flagyl, yaani metronidazo, huzuia ini kuivunja warfarini, na INR hupanda. Bado huenda dozi ikapunguzwa au kurukwa kwa siku chache, lakini daktari anajua kwamba chanzo ni cha kupita. Dozi ikishushwa moja kwa moja, antibiotiki ikiisha namba itaporomoka, na vali iliyokuwa salama itabaki bila ulinzi. Maneno manne ya kalamu ya wino yameepusha hayo. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, hufanya kinyume: huishusha INR kwa nguvu, na ikiachwa namba hupanda tena.

Kwa hiyo kaunta buku ya kawaida inatosha, mradi kila mstari uwe na tarehe, INR, dozi ya kila siku, kidonge kilichosahaulika, dawa yoyote mpya, hata ya mitishamba, na kama chakula kimebadilika. Kisamvu, mchicha na sukuma wiki vina vitamini K nyingi, ambayo ini huitumia kutengeneza protini za kugandisha damu. Hakuna haja ya kuviacha. Kinachosumbua ni kula sana wiki hii na kukosa kabisa ijayo.

Tarehe zina uzito kwa sababu warfarini ni dawa ya mwendo wa polepole. Haiziondoi protini zilizomo kwenye damu, inazuia tu mpya zisikamilike, na protrombini ya zamani, mojawapo ya protini hizo, huchukua siku mbili hadi tatu kupungua kwa nusu. Dozi iliyobadilishwa leo huonyesha sura yake kamili baada ya siku kadhaa. Anayekimbizana na namba ya jana, akipandisha na kushusha mwenyewe, huishia kuyumba zaidi.

Kuna hali ambazo mashine ya nyumbani si ya kuaminiwa peke yake: upungufu mkubwa wa damu, au kingamwili za antifosfolipidi, ambazo huweza kuichanganya. Hapo damu ya mshipani ipimwe maabara, na majibu yote mawili yaandikwe kwenye mstari mmoja. Namba ikitofautiana sana na zilizotangulia bila sababu, pima tena na upige simu kliniki kabla ya kugusa dozi. Na daftari liende nawe hata kwa daktari wa meno, kwa sababu kabla ya kung'oa jino atataka kujua INR yako ya mwisho, na ilipimwa lini.