"Mama, Mashini Inaungua!"

Msimu wa harusi, kibanda changu cha kuchapa hapa Wamaza hugeuka studio. Asubuhi ni barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule na nakala za kadi ya mpiga kura. Mchana anaingia kijana wa video na kadi ya kamera yake: bibi harusi anatembezwa, wajomba wanahesabu mahari, shangazi wanacheza hadi vumbi linafunika picha, na yote hayo yanatakiwa yakae kwenye flashi moja. Naipanga kazi, nabonyeza, mashini inaanza kuunguruma. Feni inapanda sauti, ubavu wa kushoto unatoa hewa ya moto, na baba wa bwana harusi, aliyeketi kwenye benchi kuulinda mchango wake, anasimama wima: "Mama, mashini inaungua! Zima!"

Sizimi. Kwenye laptopu kuukuu kama zetu, zinazotufikia zikiwa zimeshatumika kwingine, video ya harusi huweza kula usiku mzima. Nikizima kila mtu anapoogopa, hakuna harusi itakayotoka. Hata hivyo mzee ameuliza swali la maana, na kwa kuwa naulizwa hivyohivyo na wanafunzi, waalimu na hata mhasibu wa parokia, acha nilijibu kwa urefu.

Umeme wote unaoingia kwenye prosesa, ule moyo wa kompyuta, huishia kuwa joto. Prosesa haiinui mzigo wala haizungushi gurudumu. Ikila wati 45, inatoa joto la wati 45, zaidi kidogo ya ile balbu ya zamani ya wati 40 iliyokuwa ikikuunguza vidole, ila hapa joto hilo linazaliwa kwenye kipande cha silikoni cha ukubwa wa ukucha. Ukiandika barua, prosesa inasinzia na kula wati chache tu. Ukichakata video, inaamka yote.

Ndipo unapoanza kazi mrija mwembamba wa shaba unaouona ukifungua mgongo wa mashini. Ndani yake mna maji kidogo sana, na hewa imetolewa, kwa hiyo maji hayo yanachemka upesi. Upande wa prosesa yanakuwa mvuke. Mvuke unakimbilia upande wa feni, unapoa, unarudi kuwa maji, safari inaanza upya. George Grover wa maabara ya Los Alamos, Marekani, aliutengeneza mrija wa namna hii mwaka 1963, zamani kabla ya kuwapo laptopu.

Kwa hiyo programu ya kupimia joto ikikuonyesha nyuzijoto 85 au 90 wakati video inachakatwa, hujapata habari mbaya. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha karibu nyuzijoto 100. Zikikikaribia hupunguza mwendo zenyewe, bila kukuuliza. Zikishindwa kabisa kupoa, mashini inajizima. Kinachopotea hapo ni muda wako, na kama hukuhifadhi, kazi yako. Moto wenyewe hautokei.

Mimi naogopa joto la bure kuliko joto la kazi. Mashini haifanyi kitu, umefungua ukurasa mmoja wa barua, na feni inalia? Hapo kuna jambo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka orodha inayoitwa gestionnaire des tâches, kwani mashini zetu nyingi zinasema Kifaransa, na utaona ni programu gani inayomaliza nguvu ya prosesa. Mara nyingine ni masasisho yanayojivuta kwa intaneti ya simu. Mara nyingine ni kirusi kilichoingia na flashi ya mteja aliyetaka kuchapa ukurasa mmoja tu.

Orodha ikiwa safi na joto bado lipo, basi ni vumbi. Huku kwetu, kuanzia kiangazi kinapokolea hadi mvua zirudi, kila pikipiki inayotoka Kasongo inatuletea wingu jekundu mlangoni. Feni hunyonya hewa kwa chini na kuisukuma kupitia vibati vyembamba vya shaba vilivyopangwa pembeni. Ukiichomoa feni hiyo kwenye mashini ambayo haijafunguliwa miaka mingi, utakuta kati yake na vibati kumelala kitambaa kizima cha vumbi, nyuzi za vitenge na nywele, kimeshikana hata unaweza kukibandua kwa kibanio kikatoka kipande kimoja. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote, hewa haina pa kupita. Natumia brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli, ambayo kwanza naipuliza nje ya mashini ili isije ikamwaga unyevu ndani. Ninapopuliza, naishikilia feni kwa kijiti. Ikiachwa izungushwe na pampu inaweza kuharibu ekseli yake, tena feni inayozungushwa kwa nguvu huzalisha umeme na kuurudisha kwenye ubao.

Kati ya prosesa na shaba kuna krimu ya kupitisha joto. Kwenye mashini kuukuu huwa imekauka na kupasuka. Naifuta kwa spiriti, naweka mpya kiasi cha punje ya mchele, nakaza skrubu kwa kupishana ili shaba ikae sawa. Wapo wanaopaka nyingi kwa kudhani ndiyo dawa. Ikizidi haisaidii, inamwagika pembeni tu.

Halafu kuna paa. Watengenezaji wengi huandika kwamba mashini itumike mahali pasipozidi nyuzijoto 35. Waliandika hivyo bila kukaa chini ya mabati yasiyo na dari saa nane za mchana. Hewa inayoingia ikizidi joto kwa nyuzi kumi, na ndani ya mashini kila kitu kitapanda karibu nyuzi hizohizo kumi. Ndiyo sababu kazi za video nazianza jioni, ingawa jenereta inakunywa esansi na betri za sola lazima ziwe zimeshiba mchana. Laptopu naikalisha juu ya vipande viwili vya mbao, tumbo lipumue. Juu ya godoro au kitambaa cha meza, hata mashini mpya itakosa hewa.

Ipo njia nyingine isiyo na gharama ambayo vijana hawaipendi kwa sababu inaonekana ya woga. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashini nyingi hilo linazima mwendo wa ziada, ule ambao prosesa hujipandisha kwa muda. Mwendo huo wa mwisho unadai volti zaidi, na volti zikiongezeka joto linapanda kuliko kasi unayopata. Video itachelewa kiasi, lakini feni itatulia na esansi itapungua kidogo.

Mzee mwingine aliniuliza kama waya za ndani haziyeyuki. Swali zuri kwa mtu wa Maniema, maana lehemu inayoshikilia vipande vya kompyuta imetengenezwa kwa bati, na bati linatoka kwenye kasiteriti, ile inayochimbwa upande wa Kalima. Lehemu ya siku hizi, isiyo na risasi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 217 hivi. Mia moja haijafika hata nusu yake. Kinachochosha viungo ni kupanda na kushuka: moto, baridi, moto, baridi, kwa miaka. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za picha za laptopu ambazo vifaa vyake vya kufungia vilikuwa dhaifu, zikawa zinaharibika kupita kawaida.

Mapajani je? Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi waliandika juu ya mtoto wa miaka 12 aliyepata madoa kama wavu kwenye paja kwa kuchezea laptopu mapajani kwa miezi. Ni madoa yaleyale wanayopata watu wanaokaa karibu sana na moto kila siku. Weka mezani.

Nimebakiza betri, na hapa nakubaliana na wanaoogopa. Betri za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991, haziwezi kuvumilia joto ambalo prosesa inalivumilia. Zinazeeka haraka zikikaa zimejaa kwenye joto, na zikiwa na kasoro zinaweza kuwaka: mwezi wa Agosti 2006 Dell iliomba irudishiwe betri milioni 4.1 za laptopu. Ikiwa mashini yako inaruhusu, iache ichaji hadi asilimia 80 tu, hasa kama inashinda kwenye waya.

Mteja akiniletea laptopu ambayo sehemu ya kutelezesha kidole imeinuka, au mfuniko haufungi vizuri, au chini imevimba hata inayumba mezani, siichaji wala siiwashi, hata kama ndani mna video ya harusi ya binti wa chifu. Betri imejaa gesi. Usiibonyeze irudi, usiitoboe. Nafungua skrubu taratibu, naichomoa waya, naitoa, naipeleka nje kwenye ndoo ya mchanga mbali na nyumba na watoto. Mashini nyingi zitawaka kwa chaja peke yake, na harusi tutaitoa bila betri. Mteja akikataa nisiitoe, namrudishia mashini yake, kazi hiyo siipokei.