Aliapa Nini?

Mtoto amerudi na daftari lenye habari ya kuapishwa kwa Rais. Baba ana msimamo wake, mama ana wake, na chai inapoa mezani. Mhariri wetu anarudi nyumbani kwao Bonga, Babati, kwenye swali moja la babu yake.

Mpenzi msomaji, leo naanza na swali la uchokozi. Siku ya ndoa yako uliahidi nini? Usinitajie keki wala ile suti ya bwana harusi iliyombana. Nauliza maneno yenyewe, yale uliyoyatamka mbele za watu. Umekwama? Usijali, wengi tumekwama. Tunakumbuka mshereheshaji alivyochekesha na nani alikuja na zawadi gani, lakini ahadi yenyewe imebaki kwenye mkanda wa video ambao hata mashine ya kuuchezea hatuna tena.

Swali hili sikulitunga mimi. Nililipata Bonga nikiwa mtoto. Kwa vijana wa mjini kubonga ni kupiga stori. Kwetu Bonga ni kata ya Mji wa Babati, kwenye barabara inayoshuka Kondoa hadi Dodoma. Ni kwa wakulima wa mahindi na mbaazi, na stori pia tunapiga, tena sana.

Redio ya babu

Desemba 2005 nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo. Uchaguzi mkuu ulikuwa umeahirishwa kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14 kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA. Jakaya Kikwete akashinda kwa zaidi ya asilimia 80, na Desemba 21 akaapishwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru.

Mvua zilikuwa zimeanza na babu hakutaka kupoteza siku ya kupanda. Akanikabidhi redio yake, ambayo betri zake tulikuwa tumezianika juani tangu jana yake. "Mjukuu wangu, wewe sikiliza. Jioni utanipa habari."

Jioni nikajimwaga. Nikamweleza mizinga ilivyolia, bendi ilivyopiga, watu walivyoshangilia, wageni waliotoka nchi za jirani. Babu akala ugali wake taratibu mpaka nikamaliza. Halafu akauliza, "Aliapa nini?"

Kimya. Wakati wa kiapo nilikuwa nimetoka kuwaita wenzangu waje wasikie mizinga.

"Basi umeniletea ngoma tu," alisema babu. "Neno umeliacha huko huko."

Nusu sentensi

Ungedhani nilijifunza. Wapi! Miaka kumi baadaye nilikuwa Dar es Salaam nasomea mawasiliano. Novemba 5, 2015 John Magufuli aliapishwa Uwanja wa Uhuru mbele ya Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman, na sisi wanafunzi tukapewa kazi ya kuandika habari ya tukio. Niliandika kurasa mbili na nikajiona mwandishi kweli kweli. Umati upo, mizinga ipo, magari ya msafara yapo.

Mwalimu alirudisha kazi yangu akiwa amezungushia mstari wa mwisho kabisa kwa kalamu nyekundu. Pale niliandika kwamba "pia" Makamu wa Rais aliapishwa. Basi, hata jina sikuweka. Pembeni akaandika: Ni nani huyu?

Huyo alikuwa Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa kwanza kushika umakamu wa Rais nchini. Mimi nilimpa nusu sentensi. Miaka mitano na ushee baadaye akawa Rais, na hapo ndipo stori yetu inaporudi Bonga.

Furaha au huzuni?

Machi 2021 nilikuwa nyumbani kumwona mama. Usiku wa Machi 17, Makamu wa Rais alilitangazia taifa kifo cha Rais Magufuli. Ijumaa ya Machi 19 akaapishwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Kurani mkononi. Tanzania ikapata Rais mwanamke kwa mara ya kwanza, huku bendera zikipepea nusu mlingoti.

Binti wa dada yangu alikuwa darasa la sita. Mwalimu wa Uraia na Maadili aliwaagiza wafuatilie tukio na waje na habari, kila mmoja asome mbele ya wenzake, kisha darasa lijadili. Jioni ile binti akafungua daftari mezani na kuanza kusoma: "Leo Mama Samia amechaguliwa kuwa Rais wa Tanzania."

Shemeji yangu, mtumishi wa ofisi moja pale mjini Babati, alimpenda sana Magufuli na macho yake yalikuwa bado mekundu. "Amechaguliwa na nani? Wewe ulipiga kura lini?"

Dada yangu, muuguzi, akadakia. "Mwache mtoto! Andika kwamba nchi ina furaha, mwanamke ameshika nchi."

"Furaha ya wapi, mama watoto? Kuna msiba hapa."

Kasheshe ikaanza. Wawili wanaopendana, wenye mkopo mmoja wa nyumba na watoto watatu, wakarushiana maneno hadi ya mwaka juzi. Mimi, mwanahabari wa ukoo, nilikuwa busy na simu yangu. Hakuna aliyeona binti akifunga daftari polepole na kwenda kulala. Najilaumu mpaka leo, maana kile kitendo cha kufunga daftari ndicho kilichokuwa habari kubwa ya nyumba ile.

Usiku akanigusa bega. "Mama mdogo, niandike furaha au huzuni?"

Nikamuuliza aliona nini. Akataja Kurani, kitambaa chekundu kichwani, gwaride, bendera nusu mlingoti. Nikamwambia aviandike vyote, msomaji atajua mwenyewe. Halafu, bila kupanga, nikasikia sauti ya babu ikitoka kinywani mwangu: "Aliapa nini?"

Mtoto huyu alinizidi mbali. Alikuwa ameyanasa maneno kwenye kipande cha karatasi: kwamba atawatendea haki watu wote kwa mujibu wa sheria, bila woga, upendeleo, huba wala chuki.

"Mama mdogo, huba ni nini?"

Hapo nilicheka. Mimi nakula ugali kwa neno hilo, kurasa zetu hizi zimejaa huba tupu! Nikamwambia ni mapenzi. Akafikiri kidogo. "Sasa kwa nini Rais aape kutokuwa na mapenzi?"

Majibu ya kwenye chai

Asubuhi akawauliza wazazi wake swali lile lile. Wakatazamana. Dada akasema muuguzi naye hawezi kumrukisha foleni mgonjwa kwa sababu ni shoga yake. Shemeji akasema ni kama refa ambaye mwanawe anacheza: ampende tu, ila akicheza rafu ampe kadi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana yake wawili hao kukubaliana.

Kisha shemeji akafanya kitu kilichonifanya nimheshimu. Akatafuta nakala ya Katiba, akaiweka kati ya vikombe. Ibara ya 37, ibara ndogo ya tano, inasema Rais akifariki, Makamu wa Rais ndiye anayeapishwa kumalizia kipindi kilichobaki. Kwa hiyo mtoto akafuta "amechaguliwa" na kuandika "ameapishwa". Baba alikuwa sahihi.

Lakini dada naye hakuondoka mikono mitupu. Akamkumbusha mumewe kwamba kwetu Rais na mgombea mwenza hupigiwa kura pamoja. Aliyemchagua mmoja mwaka 2020 aliwachagua wote wawili. Wakaendelea hadi Ibara ya 40: anayerithi kiti huku kipindi kikiwa kimebaki miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Binti akapiga hesabu kwa vidole, akagundua kuna uchaguzi 2025. "Nitakuwa kidato cha tatu," alisema, na akaandika hilo pembeni ya daftari.

Simu ya Novemba

Alikumbuka. Novemba 3, 2025 nilipigiwa simu ya kawaida, maana intaneti ilikuwa imezimwa tangu siku ya uchaguzi, Oktoba 29. "Mama mdogo, nimeandika. Nikusomee?"

Aliandika kwamba Rais Samia ameapishwa Dodoma mbele ya Jaji Mkuu George Masaju, baada ya kutangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, na chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Kwamba sherehe ilifanyika kwenye viwanja vya gwaride vya jeshi bila wananchi, nao wakaiona kwenye televisheni. Kwamba kulikuwa na maandamano na watu waliuawa. Chini akaweka maswali matatu. Waliokufa ni wangapi? Kwa nini wananchi hawakuwepo? Na ile ahadi ya haki kwa watu wote, inawahusu na waliokufa?

Nyuma yake nikasikia sauti ya shemeji. "Chana hiyo karatasi."

Nikaomba apewe simu. Sikutaka kumcheka, kwa sababu hofu yake ilikuwa ya kweli. Siku zile wazazi wengi walikuwa wanahesabu watoto wao kila jioni. "Namlinda, shemeji," aliniambia, na sauti yake ilitetemeka.

"Mlinde," nikamjibu. "Lakini akichana hiyo hapo mezani kwenu, swali litakalofuata ataenda kuliuliza kwa nani?"

Alinyamaza muda mrefu. Walichoamua yeye na dada ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Daftari lilibaki nyumbani. Halikupigwa picha, halikutumwa kwa mtu. Lakini kila jioni baada ya chakula walilifungua wote watatu. Wanachokijua wakakijibu, wasichokijua wakaacha nafasi wazi na kuandika tarehe. Baadaye mwezi ule ule, Rais alipotangaza tume ya kuchunguza yaliyotokea, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, shemeji mwenyewe ndiye aliyeita: "Lete daftari, tuandike hapo kwenye swali la kwanza."

Ndiyo, ni Jaji yule yule wa kwenye kurasa zangu mbili za mwaka 2015. Nchi yetu hii ni ndogo ukiwa na daftari.

Mtoto akileta habari mezani

*Mwache amalize.* Hukumu yako isimtangulie. Akikatishwa mara mbili, mara ya tatu hasomi.

*Muulize aliona nini na alisikia kwa nani.* Haya ni mambo mawili. Mtoto anayeyatenganisha hadanganyiki kirahisi na meseji za kusambazwa.

*Mgombane kwa hoja, na hoja ziwe mezani.* Katiba inapatikana kwa Kiswahili. Ukiwa na mwenzi wako hamkubaliani, fungueni pamoja. Mambo ya mwaka juzi yaacheni chumbani.

*Tofautisheni kusema na kusambaza.* Mweleze wazi yapi ya nyumbani, yapi ya darasani, na kwa nini. Kumlinda mtoto kunawezekana bila kumziba mdomo ndani ya nyumba yake.

*Semeni "sijui" mkiwa hamjui.* Acheni nafasi kwenye daftari. Mtarudi.

Na ninyi wawili je?

Dada yangu ananiambia daftari lile limewaletea mambo. Jioni moja binti alifunga kalamu, akawatazama wazazi wake na kuuliza, "Na ninyi siku ya ndoa mliapa nini?" Shemeji akakumbuka nusu, dada akakumbuka nusu nyingine. Wakaunganisha. Kulikuwa na sehemu ya raha na shida, na sehemu ya kusikilizana ambayo, kwa maelezo ya dada, ilifuatiwa na ukimya wa aina yake.

Babu alishatangulia mbele za haki. Mwezi huu nikienda Bonga nitapita kaburini kwake, na safari hii nitampelekea neno, yaani karatasi ya mjukuu mdogo yenye kiapo chote.

Nawe ukifika nyumbani leo, zima televisheni dakika kumi. Muulize mtoto wako kuna habari gani. Kisha mgeukie mwenzi wako, umuulize lile swali la mwanzo. Tuandikieni mlichokumbuka. Mpaka mwezi ujao!