Njia ya Nyumbani Iwe Tayari Kabla ya Mvua

Ugonjwa hauchagui siku ya jua. Mama mjamzito huweza kushikwa na uchungu usiku wa manane mvua ikinyesha. Mtoto huweza kupata degedege wakati uwanja wote ni tope. Hapo zile hatua chache kutoka mlangoni hadi barabarani ndizo zinazochelewesha safari ya zahanati: pikipiki haifiki, na wanaombeba mgonjwa huteleza na kuanguka naye.

Kwetu Kasekese, kama sehemu nyingine za Katavi, mvua huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili. Hivyo kazi ya njia ni ya Septemba na Oktoba. Katika nchi zenye milima ya theluji, familia hupanga kabla ya majira ya baridi nani ataondoa theluji mlangoni na itarundikwa wapi. Sisi hatuna theluji, tuna maji na matope. Nasi pia tupange mapema.

1. Kinga maji. Kumbuka maji yalipita wapi mwaka jana. Chimba mfereji upande wa juu wa njia, ushuke kama sentimita 2 kwa kila mita 1. Usiyaelekeze maji kwa jirani, chooni wala kisimani.

2. Inua njia. Jaza mashimo kwa moramu au changarawe, kisha shindilia. Katikati pawe juu kidogo kuliko pembeni.

3. Usiache madimbwi. Mbu wa malaria hutaga mayai hata katika dimbwi dogo lililo juani, na baada ya wiki moja au mbili hutoka mbu kamili. Fukia na mashimo ya matofali. Hata hivyo, endeleeni kulala ndani ya chandarua.

4. Fyeka majani pande zote mbili, nyoka asipate maficho. Usiku vaa viatu na chukua tochi.

5. Gawa kazi. Vijana wachimbe, watoto waondoe takataka mferejini kila Jumamosi. Kule kwenye theluji, madaktari huwaonya wagonjwa wa moyo wasishike koleo. Kwetu pia mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asichimbe wala kubeba moramu, na mama mjamzito apumzishwe.

6. Panga safari. Weka akiba ya nauli na namba ya simu ya mwenye pikipiki. Mto ukijaa, msiuvuke. Mama anayekaa ng'ambo ya mto asogee kwa ndugu walio karibu na kituo cha afya wiki chache kabla ya kujifungua.

Basi, mvua haijaanza, waite watu wa nyumba yako. Tembeeni pamoja kutoka mlangoni hadi barabarani, na kila mmoja apewe kazi yake.