Chokaa Kabla ya Sayanaidi

Maswali ya moli na ya tindikali dhaifu huwatoa jasho wanafunzi wengi wa tahasusi za PCM, PCB na CBG. Kanuni hukaririwa, namba hupachikwa, na likija swali lililogeuzwa kidogo, mtu anakwama. Wilayani Tarime, mkoani Mara, maswali hayohayo yana uzito mwingine. Huko Nyamongo uko mgodi wa North Mara, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, na mkoani humo wamo pia wachenjuaji wadogo wanaotumia zebaki na sayanaidi.

Tuanze na moli. Ili kuyeyusha moli 4 za dhahabu, mlinganyo unadai moli 8 za sodiamu sayanaidi, moli 1 ya oksijeni na moli 2 za maji. Moli ya dhahabu ni gramu 197, ya sodiamu sayanaidi gramu 49. Kwa hiyo gramu 788 za dhahabu zinahitaji gramu 392 za sayanaidi, yaani takribani nusu gramu kwa kila gramu. Tani ya mawe yenye gramu 2 za dhahabu ingetosheka na gramu 1 tu! Kiwandani, hata hivyo, hutumika mamia ya gramu, kwa sababu shaba, chuma na salfa zilizomo kwenye mawe nazo hula sayanaidi. Mwanafunzi anayeuliza nani mwingine anagombania kemikali hiyo ameielewa mada zaidi kuliko aliyepata jibu sahihi akaishia hapo.

Swali la pili ndilo linalogusa uhai wa watu. Kwa nini chokaa huwekwa kabla ya sayanaidi? Hidrojeni sayanaidi ni tindikali dhaifu yenye pKa ya karibu 9.2. Maji yakiwa na pH 9.2, nusu ya sayanaidi ni ioni inayoyeyusha dhahabu, na nusu ni tindikali hiyo. Pandisha pH kwa chokaa hadi 11.2, na inabaki tindikali sehemu 1 kati ya 101. Ishushe hadi 7.2, na mambo yanapinduka: sehemu 100 kati ya 101 ni hidrojeni sayanaidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, joto la mchana wa kawaida. Inatoka kama gesi, na gesi hiyo inaua. Kila hatua moja ya pH ni badiliko la mara 10; ndiyo maana kukadiria chokaa kwa macho ni hatari kubwa.

Chokaa ina kazi nyingine pia, nayo inawahusu wakazi wa kandokando ya Mto Mara, unaopita kati ya Tarime na Serengeti. Mawe yenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, yakifukuliwa na kukutana na hewa na mvua, huzaa tindikali ya salfa, inayoweza kusombwa hadi mtoni. Moli 1 ya pairaiti, gramu 120, hutoa moli 2 za tindikali. Kilo moja basi hutoa kilo 1.63 za tindikali, na kuizima kunahitaji kilo 1.67 za kalisi kaboneti, yaani mawe safi ya chokaa yaliyosagwa.