Siku tatu za kwanza Guangzhou: mambo yanayomla mgeni muda na hela kabla hajanunua kitu

Mfanyabiashara anayetua Guangzhou kwa mara ya kwanza mara nyingi hajabeba hela zake peke yake. Ndani yake kuna mtaji wa duka, mkopo wa kikundi, na labda pesa ya jirani aliyeagiza mapazia. Visa ina siku zake na hoteli inahesabu kila usiku. Siku zinazopotea bure huwa ni zile za mwanzo, na kinachozipoteza ni vitu vidogo: simu haifungui, malipo yanagoma, dereva haelewi anaambiwa nini.

Mji huu wa kusini mwa China, makao makuu ya jimbo la Guangdong, umezoeleka na Waafrika kwa miaka mingi. Wapo wanaofuata nguo, viatu, simu, vipuri na samani. Lakini kuzoeleka kwa mji hakumsaidii aliyefika jana usiku.

Simu kwanza, begi baadaye

China inazuia WhatsApp, Google, Facebook, Instagram na YouTube. Mgeni anayenunua laini ya huko uwanjani anaweza kuwa na bando la kutosha na bado asiweze kumwambia mkewe kwamba amefika salama. Laini ya nyumbani iliyowashiwa huduma ya kutumika nje ya nchi kwa kawaida huendelea kufungua WhatsApp, kwa sababu data yake hupitia kwenye mtandao wa nyumbani. Gharama yake ndiyo ya kuulizia mapema.

WeChat ndiyo WhatsApp ya China, na ndiyo duka na pochi pia. Muuzaji hatoi tena kadi ya biashara, anatoa msimbo wa kuskani. Kufungua akaunti mpya wakati mwingine kunahitaji mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe, kwa hiyo kazi hiyo inafanyika nyumbani, wiki moja au mbili kabla ya safari. Programu ya kutafsiri nayo inapakuliwa mapema, pamoja na faili zake za kutumika bila intaneti.

Ramani za Google si za kutegemea huko. Wenyeji hutumia Amap. Na jina la hoteli kwa herufi za Kichina, likiwa limepigwa picha kwenye simu, lina thamani kuliko maelezo ya Kiingereza ya dakika kumi.

Hela ipo, ila hailipi

Hapa wengi hushangaa. Muuza matunda wa kando ya barabara anataka kuskaniwa, na ukimpa noti kubwa anaanza kutafuta chenji kwa majirani. Noti za yuan ni halali na hazipaswi kukataliwa, lakini kwa vitendo mji unaendeshwa na Alipay na WeChat Pay.

Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard ya nyumbani kwenye programu hizo. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa mara moja hayana makato ya programu. Yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Benki ya nyumbani nayo inaweza kuwa na makato yake, na inaweza kufunga kadi ikidhani imeibiwa. Kuiarifu benki kabla ya kupanda ndege kunaokoa siku nzima.

Anayebeba pesa taslimu ajue jambo moja: fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 za Marekani lazima zitangazwe forodhani wakati wa kuingia. Kubadilisha kunafanyika benki, na pasipoti mkononi. Wale wanaonong'ona viwango vizuri barabarani ndio wanaowauzia watu noti bandia.

Saa 24 za polisi

Sheria ya China inamtaka kila mgeni aandikishwe polisi anapolala, ndani ya saa 24 tangu afike. Anayelala hotelini hana kazi, hoteli inamwandikisha kwa pasipoti yake. Anayelala kwa ndugu au kwenye chumba cha kupanga lazima ajiandikishe kwa polisi wa mtaa yeye mwenyewe, au aandikishwe na mwenye nyumba wake. Wengi hulisahau hili kwa sababu nyumbani halipo.

Pasipoti hutembea na mwenyewe muda wote, maana polisi wanaweza kuiomba popote. Na visa ikiisha, imeisha: faini ni yuan 500 kwa kila siku iliyozidi, hadi kufikia yuan 10,000, na mtu anaweza hata kuwekwa ndani. Siku za visa zinahesabiwa kabla ya kuagiza bidhaa itakayotengenezwa wiki tatu.

Namba za dharura ni 110 kwa polisi, 120 kwa gari la wagonjwa na 119 kwa zimamoto.

Kutoka uwanjani hadi kitandani

Metro inafika hadi ndani ya uwanja wa Baiyun, kupitia njia namba 3. Nauli za mjini zinaanzia yuan 2, na kila kituo kina mashine ya kukagua mabegi. Anayekwenda Sanyuanli hubadilisha kwenda njia namba 2. Anayekwenda Xiaobei hubadilisha kwenda njia namba 5. Ndege ikitua usiku wa manane metro huwa imefungwa, na hapo ni teksi ya kwenye foleni rasmi, siyo ya yule anayekufuata akikushika begi.

Kuna mtego mwingine. Mji una vituo vikubwa vya treni zaidi ya kimoja, na Guangzhou Kusini iko mbali kabisa na kile cha Guangzhou kilicho karibu na masoko ya nguo. Kusema tu "stesheni" kunaweza kumpeleka mtu upande mwingine wa mji.

Ghorofa nazo zinachanganya. China ghorofa ya 1 ni ile ya chini, usawa wa barabara. Mwenye duka akisema yuko ya 3, anayehesabu kwa mtindo wa nyumbani atapanda moja zaidi na kutafuta duka lisilokuwepo.

Saa ziko mbele kwa tano ukilinganisha na Afrika Mashariki. Dar es Salaam na Nairobi ikiwa saa mbili asubuhi, Guangzhou ni saa saba mchana. Mwili huchukua siku kadhaa kukubali, kwa hiyo siku ya kwanza siyo ya kufunga biashara kubwa.

Chai, wali na maji ya moto

Xiaobei ndiko wageni wengi huanzia, kwa kuwa kuna migahawa ya Kiafrika na ya Kiarabu, na kuna watu wa kuuliza. Waislamu hutafuta maandishi ya "qingzhen", yaani chakula halali, kwenye migahawa ya Wahui na Wauighur. Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti mikongwe zaidi China, uko katikati ya mji.

Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa, na karibu kila chumba cha hoteli kina birika. Mgahawani mtu hupewa maji ya moto au chai. Neno lenyewe ni "cha", na halimpi shida Mswahili. Mwenyeji akikumiminia, gonga meza kidogo kwa vidole viwili: ndiyo asante ya Guangzhou.

Sokoni: vidole na kikokotoo

Bei hutajwa kwa kikokotoo, au kwa mkono mmoja. Wachina huonyesha sita hadi kumi kwa ishara zao. Kidole gumba na kidole kidogo vikinyooshwa ni sita. Gumba na kidole cha shahada ni nane, siyo mbili. Aliyekubali "mbili" anaweza kukuta amekubali nane, basi namba iandikwe kabla ya kuitikia.

Masoko yamegawanyika kwa bidhaa. Nguo ziko Baima, jirani na stesheni ya treni ya Guangzhou. Mabegi na ngozi ziko upande wa Sanyuanli. Vitambaa viko Zhongda, karibu na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Wa samani na vigae huvuka kwenda mji jirani wa Foshan. Kukimbilia masoko matatu kwa siku moja ni kuchosha miguu tu.

Siku mbili za kwanza ni za kuzunguka, kuuliza bei ya kitu kilekile kwenye maduka kadhaa, na kuchukua sampuli. Malipo ya awali ya asilimia 30 ni jambo la kawaida, salio likilipwa mzigo ukishakaguliwa. Anayedai yote mapema anahamisha hatari yote kwa mnunuzi. Risiti iwe na jina la duka, rangi, idadi na tarehe, na sampuli ibaki na mnunuzi hadi mzigo ufike kwa wakala. Usafiri wa meli huhesabiwa kwa mita za ujazo, ile CBM wanayoitaja wenzako, kwa hiyo beseni jepesi linaweza kugharimu kusafirisha kuliko chuma kizito.

Kuna vipindi vya kukwepa. Wakati wa mwaka mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, viwanda hufungwa na wafanyakazi huenda makwao. Aprili na Oktoba kuna maonyesho makubwa ya biashara ya Canton Fair, yaliyoanza 1957, na hoteli hupandisha bei.

Kufikia jioni ya siku ya tatu, mgeni anapaswa kuwa na simu inayolipa, karatasi za polisi zilizonyooka, bei za maduka kadhaa na sampuli mkononi. Akiwa hana hivyo, mtaji wa watu ubaki kwanza mfukoni.