Baraka Kabla ya Kazi

Asubuhi ya siku ya kazi, katika jengo lililoko Bruno Street, Los Angeles, la Homeboy Industries, shirika linalowasaidia watu waliotoka magengeni na gerezani, watu hukusanyika ukumbini kabla ya kushika kazi. Hutolewa matangazo, hutajwa waliozaliwa tarehe hiyo na kupigiwa makofi, mmoja wa waliokusanyika husema neno la siku, kisha watu husali. Wengi wa wanaoinamisha vichwa hapo wametoka gerezani. Wapo waliokuwa wakiwindana kwa bunduki mitaani.

Shirika hili lilizaliwa parokiani. Mwaka 1986 Padri Gregory Boyle, Mjesuiti, alikabidhiwa Dolores Mission, parokia iliyokuwa maskini kuliko zote katika jimbo kuu la Los Angeles, katikati ya nyumba za serikali ambazo magenge yalikuwa yamejigawia. Alizika vijana wengi mno. Lakini hadithi hii ikisimuliwa, akina mama wa parokia husahaulika, nami naona hilo si haki. Wao, wengi wakiwa wenye asili ya Meksiko, ndio waliotoka usiku kutembea na kusali katikati ya vijana wenye silaha, wakiwaita wana wao hata wale ambao hawakuwazaa. Mwaka 1988 ulianza mpango wa kuwatafutia vijana shule na ajira. Mwaka 1992, baada ya ghasia zilizoteketeza sehemu za jiji, likafunguliwa bekari.

Bekari hilo ndilo lililojenga desturi ngumu kuliko zote: kukanda unga na adui. Kijana huambiwa mapema kwamba atakayesimama naye mezani huenda anatoka genge lililomuua rafiki yake. Wengine hukubali kazi kwa sharti la kutosemezana. Sharti hilo halidumu. Unga unahitaji mikono miwili, tanuri linahitaji mtu wa kukuambia sogea, na mtu uliyezoea kumwona kama jina la mtaa anaanza kukueleza habari za binti yake.

Kuna pia desturi ya jina. Gengeni kila mtu ana jina la kutisha. Boyle humwuliza kijana lile alilopewa na mama yake, na tena lile ambalo mama humwitia akiwa na furaha naye. Wao humwita G, kwa ufupi. Wakitaka kuondoka ofisini kwake humwomba baraka, mijitu mizima yenye mabega mapana ikiinama ili awawekee mkono kichwani. Msomaji aliyelelewa kuombewa dua na babu kabla ya safari hahitaji kuelezwa zaidi. Wala haulizwi mtu ni wa dini gani, au kama anayo.

Chumba cha kufutia tatuu nacho hakikosi watu. Madaktari wa kujitolea hufuta bila malipo, kwa mwanga wa leza, alama za genge usoni na shingoni ambazo hufanya mwajiri akatae kabla hajasoma jina. Hufutwa kwa awamu nyingi, na maumivu yake wenyewe huyafananisha na kurukiwa na mafuta ya moto. Wanavumilia, mara nyingi kwa sababu mtoto ameanza kuuliza zile alama ni za nini.

Mwanzoni mkazo mkubwa ulikuwa wa kutafuta ajira. Baadaye ikaonekana kwamba mwenye ajira asiyepona moyoni aweza kurudi gerezani, na ndipo mpango ukawa wa miezi 18: mshahara, ushauri nasaha, masomo, vikundi vya kuongea. Naamini hapo ndipo imani yao ilipopata kazi yake halisi. Mtu hupokewa kwanza, mabadiliko hufuata kwa mwendo wake. Sisi wengine humwambia aliyetoka kifungoni athibitishe kwanza kuwa amebadilika, kisha tutamkaribisha. Na wakati akithibitisha, anakula wapi, analala kwa nani?

Kupokewa huko hakumaanishi kuachiwa. Hupimwa dawa za kulevya, na anayeshindwa husaidiwa kupata tiba kwanza. Boyle mwenyewe amezoea kuadhimisha Misa magerezani na katika kambi za vijana wafungwa, akigawa kadi yake na kuwaambia wamtafute wakitoka. Wengine huja juma hilohilo. Wengine huja baada ya kufungwa tena, miaka mingi ikiwa imepita, na kadi bado wanayo.